Alhamisi Iliyoahirishwa

Jumatatu asubuhi Femmetje Staats alikuja karakanani kwangu, akasimama mlangoni bila kuingia, akaniambia harusi yetu ya Alhamisi haipo tena.

Nilikuwa nakaza pete ya pipa. Mkono ulikuwa umeshateremka kabla sikio halijaelewa, na nyundo ikaangukia kidole gumba.

"Haipo vipi?"

"Haipo Alhamisi. Tuifanye Jumatano ya wiki ijayo. Umejiumiza?"

"Achana na kidole. Mchungaji ametutangaza kanisani Jumapili tatu, watu wamegeuza shingo kututazama mpaka zimewauma, halafu unaniambia Jumatano?"

"Siku sita tu, Teunis."

"Kwa nini?"

Alikuwa amevaa lile gauni lake jeusi la ujane na kofia nyeupe, na mikono yake ilinukia matofaa yaliyopikwa, kwa maana ilikuwa Oktoba, na Oktoba kijijini kwetu Kruisveld kila mwanamke hunukia hivyo. Macho yake ni ya kijivu, kama mto unapoanza kuganda. Aliyatupa kwangu mara moja, akayaondoa, akayarudisha. Mtu anayekuficha jambo hukutazama hivyo. Mtu anayekupenda naye hukutazama vivyo hivyo, na hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa.

"Usiniulize," akasema.

"Nitakuuliza."

"Basi niulize Jumatano."

Akaenda zake.

Mimi ni fundi wa mapipa. Shule niliyosoma ni ya kujua jina langu likiandikwa. Mke wangu wa kwanza, Grietje, alikufa daraja la mto lilipovunjika chini ya mkokoteni wake. Wakubwa wa kamati ya daraja walichangisha watu kwa ajili ya miti ya mwaloni, wakaweka misonobari iliyooza, wakanunua makoti mapya. Hakuna aliyeulizwa. Mkubwa wao, Kanali Dunster, alikuja mazishini akanishika bega, akaniambia ni mapenzi ya Mungu. Tangu siku hiyo sina hamu na mtu yeyote mwenye vifungo vya shaba kifuani.

Grietje siku ile alikuwa anakwenda kwa Femmetje, kumsaidia kukoroga sufuria kubwa ya matofaa. Walikuwa marafiki tangu wasichana. Mwaka uliofuata mume wa Femmetje naye akafa kwa homa, na ndivyo tulivyobaki, mimi ng'ambo hii na yeye ng'ambo ile. Alianza kuniletea mikate. Nami nikaanza kumrekebishia mapipa yasiyokuwa na ubovu.

Ukoo wa Staats haukutaka hata kusikia. Shemeji yake, Rulof Staats, alisema mbele ya kanisa kwamba shamba la kaka yake halikulimwa ili liliwe na mgonga mbao. Kiangazi kilichopita alinifungulia mbwa. Suruali yangu bado ina kiraka.

Kwa hiyo fikirieni nilivyoshangaa Jumatano ya wiki ileile, Rulof huyohuyo alipoingia karakanani kwangu amemning'iniza bata bukini mnono kwa miguu, anatabasamu.

"Shemeji!" akasema.

Nikageuka nyuma kuona anamwita nani.

"Wewe, Teunis. Nimekuletea bata wa harusi. Yaliyopita yamepita, au siyo? Mimi na wewe ni watu wazima."

"Mbwa wako yuko wapi?"

"Acha utani, bwana. Nasikia bibi harusi amesogeza siku."

"Wewe umesikia wapi?"

"Kila mtu kule kinu cha unga anajua. Wewe mwenyewe umewaambia."

Kweli nilikuwa nimewaambia. Wawili tu, lakini wale wawili wana midomo.

Rulof akakaa juu ya pipa langu bila kukaribishwa. "Nisikilize kama kaka. Mwanamke akisogeza siku mara moja, atasogeza na ya pili. Mwisho utamkuta kwa mwingine. Gari la farasi la Kanali Dunster limeonekana getini kwake wiki iliyopita, unalijua hilo?"

Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye viatu. "La Kanali?"

"Sisemi neno. Nasema tu limeonekana." Akanyanyuka. "Kesho ni Alhamisi yako. Vaa, nenda kwake, mwambie leo au basi. Mwanamke anataka mwanamume anayejua anachotaka. Koti huna? Chukua langu la bluu."

Akaniachia bata na koti. Nilikaa nawatazama wote wawili. Aliyekubali kuolewa nami anasita, na aliyeapa hataniozesha ananivalisha! Nilijaribu kulipanga jambo lile kichwani kama mbao za pipa, lakini kila nikikaza upande huu, upande ule unafunguka. Bata akanitazama kwa jicho moja. Hata yeye alionekana anajua zaidi yangu.

*

Alhamisi nilivaa koti la Rulof. Mabega yalikuwa mapana kwangu, lakini vifungo viling'aa. Nilipita kwenye kivuko cha mawe, kwa maana daraja jipya silikanyagi, nikafika kwake saa za mchana. Watu waliokuwa wanachuma matofaa kandokando ya njia walipiga miluzi.

"Bwana harusi huyo! Mbona unakwenda peke yako kama ng'ombe aliyepotea?"

Femmetje alifungua mlango, akanitazama kuanzia kola hadi viatu.

"Hilo koti la nani?"

"Langu."

"Teunis."

"La Rulof."

Akafumba macho kidogo, kama mtu aliyechomwa na mwiba asiyetaka kulia. "Ingia. Usisimame nalo hapo nje watu wakakuona."

"Wameshaniona. Femmetje, nimekuja kukwambia neno moja. Leo au basi."

"Nani amekufundisha maneno hayo? Hayo si yako. Yananuka tumbaku ya Rulof."

"Yawe ya nani, nimeyasema. Mchungaji yupo nyumbani, wewe upo, mimi nipo. Kinachotuzuia ni nini?"

Alikwenda mezani, akachukua kisu, akaanza kukata mkate ambao hakuna aliyeuomba. Jua la dirishani lilimwangukia shingoni, pale nywele zinapoanza, na niliona nywele kadhaa za mvi ambazo mwaka jana hazikuwepo. Nilitaka kuzigusa. Nilitaka pia kupiga meza. Sikufanya lolote.

"Haraka haraka haina baraka," akasema.

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Langu linauma tangu Jumatatu."

Akacheka bila kutaka, kisha kicheko kikaishia njiani. "Nikikwambia, utanyamaza?"

"Mimi?"

"Wewe! Ulichoambiwa Jumatatu asubuhi, jioni kilikuwa kinuni. Ukikasirika unapiga kelele, Teunis, na ukifurahi unapiga kelele. Nakupenda hivyohivyo. Lakini jambo hili likitoka kabla ya wakati wake, watanizuia."

"Akina nani?"

"Nina jambo moja la kufanya ningali mjane. Moja tu. Likiisha, nichukue, na shamba, na ng'ombe, na sufuria zote."

Jambo gani la kufanya angali mjane? Mwanamume anayependa, akiambiwa hivyo, huwaza kitu kimoja tu. "Gari la Kanali Dunster lilikuja kufanya nini hapa?"

Kisu kilisimama.

"Umeniona mimi mtu wa Dunster?" Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Mimi? Aliyekuwa anakuja kwangu siku ile ni nani, Teunis? Nani aliyekuwa anangojwa na sufuria motoni?"

"Basi lilikuja kufanya nini?"

"Lilikuja kuomba. Likaondoka na njaa yake."

"Kuomba nini?"

Machozi yalikuwa yameshafika, na Femmetje akilia hukasirika, hageuki laini. Mimi nami, badala ya kumshika mkono, nilikuwa nimevaa koti la mtu mwingine na maneno ya mtu mwingine yalikuwa bado mdomoni.

"Leo au basi," nikasema tena.

"Basi iwe basi," akasema, akaendelea kukata mkate.

Nilirudi nyumbani na koti mkononi. Wale wa matofaa hawakupiga miluzi tena. Kimya chao kiliniuma kuliko miluzi. Jioni ileile Rulof alikuja kulichukua koti lake, akanichimba mpaka nikamweleza yote.

*

Jumanne iliyofuata ilikuwa siku ya uchaguzi wa mjumbe wa kwenda Kongresi. Mimi sijapiga kura tangu Grietje afe. Nimchague nani? Wakipanda juu wote hubadilika rangi ya koti tu. Nilikwenda kwenye hoteli ya kijiji, panapopigiwa kura, kwa sababu mwenye hoteli alikuwa ameagiza mapipa na nilitaka kuyashusha niondoke.

Uwanja ulikuwa umejaa farasi. Kanali Dunster, ambaye sasa alikuwa anagombea, alisimama barazani na jagi la pombe kali ya matofaa, anammiminia kila mwenye kikombe na kuwauliza habari za watoto ambao majina yao hayajui. Mpinzani wake, wakili mmoja mnyamavu, alikaa kona anakohoa. Nilishusha pipa la kwanza. Niliposhusha la pili nilimwona Femmetje.

Alikuwa kwenye foleni, baina ya wanaume, yeye na wajane wengine wawili. Katika jimbo letu la New Jersey mjane mwenye mali yake hupiga kura, na hata msichana asiyeolewa akiwa na mali. Nilijua hilo kama ninavyojua kuku hulala. Jambo unalolijua hivyo hulifikirii. Gauni jeusi lilikuwa limepigwa pasi. Alikuwa ameshika karatasi yake ya kura, imekunjwa. Hakuniona, au aliniona akajifanya mti.

Akafika mezani. Mzee Lubbert Hageman, msimamizi wa uchaguzi, alikuwa amekaa na sanduku la kura mbele yake na Biblia pembeni. Femmetje akanyoosha mkono.

"Ngoja!" Ilikuwa sauti ya Rulof. "Napinga. Mwanamke huyu hana kura."

"Hana kwa nini?" Mzee Lubbert akauliza. "Mwaka jana alipiga."

"Mwaka jana alikuwa mjane. Mwanamke aliyeolewa hana mali wala kura, vyote ni vya mumewe. Ndiyo sheria. Na huyu ameolewa."

Watu wakaguna. Femmetje akageuka polepole. "Nimeolewa na nani, shemeji?"

"Na fundi mapipa. Mmetangazwa kanisani mara tatu, kila mtu hapa amesikia."

"Tangazo si ndoa," akasema Mzee Lubbert.

"Tangazo si ndoa, lakini Alhamisi, siku iliyopangwa, fundi alikwenda nyumbani kwake amevaa koti la harusi lenye vifungo, mchana kweupe. Waliokuwa matofaani wamemwona. Au siyo, jamani?"

"Tumemwona!" wakaitika wawili watatu wenye vikombe vya Kanali. Mmoja akaongeza, "Na alitoka amevua koti!" Uwanja mzima ukacheka.

Hapo ndipo zile mbao zikaanza kukaa mahali pake, moja baada ya moja. Bata. Koti. Leo au basi. Angeniozesha Alhamisi, kura ya Femmetje ingekufa Alhamisi. Na nisipooa, koti lingetosha. Nilihisi ujinga wangu ukipanda shingoni kama maji ya moto.

"Yule pale Teunis," akasema Mzee Lubbert. "Njoo, kijana." Nina miaka arobaini na kitu, lakini kwake kila mtu ni kijana. "Weka mkono kwenye Biblia. Wewe ndiye utakayemaliza ubishi."

Nilipopita karibu na Rulof alinishika kiwiko, akasema chini chini, "Usiwe mpumbavu. Sema ndiyo. Ukisema ni mkeo mbele ya watu wote hawa, hawezi kurudi nyuma. Mchungaji yuko ndani anakunywa supu. Alikwambia iwe basi, au siyo? Mimi nakupa leo."

Niliweka mkono kwenye Biblia. Ngozi yake ilikuwa baridi. Mbele yangu Femmetje alikuwa amesimama, karibu kiasi cha kunusa matofaa mikononi mwake. Hakuniomba. Hata jicho halikuniomba. Alinitazama tu, kama mtu anavyotazama mlango ambao hajui utafungukia ndani au nje.

"Mama Staats," akaita mlevi mmoja kutoka nyuma, "kwani unataka kumpigia nani, mpaka watu wagombane hivi?"

"Nitampigia yeyote ambaye hakujenga daraja," akasema Femmetje.

Kicheko kilikatika. Barazani jagi la Kanali lilisimama hewani.

Jamani, mimi sikujua. Alikuwa amebaki na kura moja maishani mwake, kwa maana akishakuwa wangu hatapiga tena, na hiyo moja alitaka kumpa Grietje. Grietje wangu. Mimi niliyepiga kelele miaka miwili kuhusu wakubwa, nilikuwa nimekuja kuuza mapipa.

"Teunis Verbryck," akasema Mzee Lubbert, "mbele ya Mungu, mwanamke huyu ni mke wako?"

Tangu masika nilikuwa nalifanyia mazoezi jibu la swali hilo. Nililisema nikikaza mapipa, nililisema nikivuka mto. Ndiyo, ni mke wangu. Lilikuwa limekaa ulimini tayari, tamu, nikasikia uchungu wa kulimeza.

"Si mke wangu," nikasema.

"Sema watu wasikie."

"Si mke wangu! Nilikwenda Alhamisi na koti la kuazima, akanifukuza. Koti la Rulof, lile pale amelivaa leo, vihesabuni vifungo vyake."

Watu wakacheka tena, lakini safari hii walimtazama Rulof.

"Una haki yoyote juu yake kama mume?"

"Sina."

Nilisikia neno lile likitoka na kubeba kila kitu changu. Mzee Lubbert akaitika kwa kichwa, Femmetje akatia karatasi sandukuni. Haikutoa hata sauti. Kisha akanipita, upindo wa gauni lake ukagusa kiatu changu, akashuka ngazi.

Niwaambie mapema ili msikae mkingoja: Kanali Dunster alishinda, na kwa kura nyingi. Wakubwa hushinda. Hata leo nikipita pale hotelini natema mate.

*

Nilirudi kwenye mkokoteni wangu. Kamba za pipa la tatu zikanishinda kufungua. Sikujua kama nimempata au nimempoteza. Nilikuwa nimeapa kwa Biblia kwamba sina haki juu yake, na kiapo kile kilikuwa kweli tupu.

Mkono ukaja pembeni yangu, ukafungua fundo.

"Unalivuta upande usio wake," akasema Femmetje.

"Ungeniambia."

"Ningekwambia, ungekwenda hotelini siku ileile kumtukana Dunster, na Rulof angepata wiki nzima ya kutafuta njia. Alitafuta hivyohivyo, akakutumia wewe."

"Kanali alikuja kuomba kura?"

"Alikuja kuomba kura. Alipoona sisemi, akamweleza Rulof anishughulikie." Alishika ukingo wa mkokoteni. "Ilikuwa ngumu kusema vile?"

"Kidogo tu imepitwa na kumzika Grietje."

Akatazama chini. Tulisimama baina ya mapipa, watu wakipita na kugeuza shingo zao kama kanisani. Nikamwangalia vizuri, na kwa mara ya kwanza nikaona anachotaka kunipa. Shamba. Ng'ombe. Jina lililosimama peke yake. Mkono ule uliotia karatasi sandukuni. Vyote viingie chini ya paa la mgonga mbao anayepiga kelele. Wiki nzima niliogopa kwamba hatanikubali. Sasa niliogopa kwamba atanikubali.

"Femmetje."

"Naam."

"Jumatano ni kesho."

"Najua siku za wiki."

"Ukishakuwa wangu hutapiga tena."

"Najua na hilo."

"Basi..." Sikujua maneno yangu yanakwenda wapi, nikayafuata tu. "Basi tunaweza kungoja. Mwakani kuna kura nyingine, na mwaka wa pili. Nitakuja kukurekebishia mapipa. Mimi sina haraka."

Alinitazama muda mrefu, macho yale ya kijivu, mpaka nikadhani nimekosea tena. Kisha akaniwekea kiganja kifuani, palepale juani, mbele ya kijiji chote na mbele ya Rulof na vifungo vyake.

"Siku sita zote nilikuwa nangoja mtu huyu aje," akasema. "Kesho saa nne. Na sauti yangu usiihurumie, utaisikia nyumbani mpaka uombe pamba za masikio."

"Nitasema nini kanisani? Leo nimeapa si mke wangu."

"Kesho utaapa vingine. Lakini uje na koti lako mwenyewe, Teunis."

Koti langu mwenyewe lina tundu kiwikoni, na lilikuwa mahali fulani chini ya mbao, sikumbuki tangu lini. Niliacha pipa la tatu pale pale juu ya mkokoteni, nikaenda kulitafuta.